Mablanketi Juu ya Bati

"Nyumba ya vyumba vitatu," Koleo alisema. "Sebule, jiko, friji moja, televisheni. Pasi sitaki, mke wangu atazoea nguo zilizokunjamana. Nipigie hesabu."

Fundi wa sola alikuwa amekaa sakafuni mle mahabusu, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameupakata. Vidole vitatu vya mkono huo vilikuwa vimevimba mpaka ngozi ikang'aa. Majirani wa marehemu walimkamata kabla polisi hawajafika. Wakampiga, wakaiwasha moto pikipiki yake pamoja na vifaa vyote vya kazi, na ndipo mmoja wao akakumbuka kwamba kuna serikali. Alasiri ya siku hiyo angepelekwa mahakamani kwa kumuua mteja wake, na mpelelezi aliyekuja kumhoji alikuwa anaulizia bei.

"Afande, unanitania."

"Sijawahi kutaniana na mahabusu. Nina bati, nina jua, nina mke anayenung'unika kila siku giza likiingia. Paneli ngapi?"

Jina lake halisi lilikuwa mlangoni pa ofisi yake, na hakuna aliyelitumia. Kituo kizima kilimwita Koleo, kwa sababu alikuwa akishika mahali pamoja pa mtu na kubana hapo hapo mpaka kitu kitoke. Alilijua jina hilo na alilipenda. Siku hiyo alikuwa amemwacha konstebo wake nje ya mlango, tofauti na sheria inavyotaka, kwa kuwa bei alikuwa anaitaka kweli, na mkubwa hapatani bei mbele ya mdogo wake wa kazi.

"Kwa nyumba hiyo, paneli sita," fundi alisema taratibu. "Betri mbili. Inveta. Vyuma vya kushikilia paneli, nyaya, mabomba ya kupitishia nyaya, kikata umeme, na waya wa kushuka ardhini. Halafu ufundi."

"Jumla?"

Fundi akataja. Koleo akapiga mluzi. Kwa fedha ile mtu angenunua kiwanja na kuanza kuchimba msingi.

"Punguza."

"Ndivyo alivyosema marehemu," fundi alijibu, na machozi yakaanza kumtiririka bila sauti. "Punguza, punguza, siku nzima. Betri mbili za nini, weka moja, tena iliyotumika. Mabomba ya kazi gani, nyaya si zina ngozi yake? Kikata umeme akakataa. Waya wa ardhini ndio alicheka kabisa, akasema yeye hanunui kitu cha kukizika. Nikakubali, Afande. Nilikuwa sina kazi miezi, nikakubali. Nimemuua mzee wa watu."

Maneno hayo alikuwa ameyasema kwa kila aliyefungua mlango ule, hata kwa aliyeleta chai. Mkuu wa kituo aliyaita ungamo na kuagiza faili lifungwe. Koleo hakuyapenda. Ungamo lililotoka bila kubanwa lilimkera, alihisi kama mtu aliyepewa chakula kilichotafunwa.

"Nisikilize," alisema. "Mzee alipanda ngazi asubuhi kwenda kuosha paneli, umeme ukampiga, akaangukia sakafu ya saruji. Hilo tunakubaliana. Lakini daktari amenionyesha kiganja chake. Kina mistari miwili ya kuungua, imelala sambamba. Kama umeme ulitembea juu ya bati kwa kukosa huo waya wako wa kuzika, angeungua hivyo?"

Fundi aliacha kulia.

"Mistari miwili?"

"Miwili."

"Hizo ni nyaya, Afande. Amezishika zote mbili kwa pamoja, tena ziko uchi."

"Uliziacha uchi?"

"Hapana! Mabomba alikataa, lakini nyaya zenyewe zilikuwa nzima. Nilizibana mimi mwenyewe kwenye ukingo wa bati. Nzima kabisa!"

"Basi kuna aliyezichuna. Unachunaje nyaya zenye umeme bila kufa wewe?"

"Unazima..." Fundi akajikata mwenyewe. "Hapana. Za ndani ya nyumba unazima. Za juu huwezi. Jua likipiga kile kioo, umeme upo, hata ungoe swichi zote. Uchune usiku, au la, ufunike paneli zote kwa vitu vizito. Mablanketi, kwa mfano. Usiache hata moja."

"Marehemu alilijua hilo?"

"Yeye alikuwa chini kivulini, anakata bei. Nilipanda na binti yake. Ndiye aliyenishikia mablanketi wakati naunga, nikamweleza kwa nini tunafunika. Binti mwelewa sana, anauliza vitu vya maana."

Koleo alisimama akapangusa suruali yake.

"Bei yako bado kubwa," alisema, kisha akamwita konstebo. "Mtie pingu tuondoke naye. Mfunge kwa huo mkono mzima. Huo mwingine atautumia kunyooshea kidole, kama kimebaki."

*

Nguzo za umeme hazikuwa zimefika mtaa ule. Marehemu alipoweka sola aliuza shamba la mkewe, alilorithishwa na mama yake, na mke hakuulizwa. Kisha akaamua kwamba gharama ile lazima imrudie, yote, na irudi upesi. Akavuta waya kwenda duka la jirani lenye friji. Akavuta mwingine kwenda kwa kinyozi wanayegawana ukuta. Majirani wakampachika jina la Waziri wa Nishati, mbele yake kwa heshima na nyuma yake kwa vicheko.

Koleo alianzia kwa kinyozi. Alipokaa tu kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni kabla hajafungua mdomo.

"Tunapunguza au tunatoa zote, bosi?"

"Tunajibu maswali."

Kinyozi alikiona kitambulisho kwenye kioo.

"Siku moja kabla mzee hajafa," Koleo alisema, "umeme ulikatika?"

"Ulikatika, bosi, tena vibaya! Nilikuwa katikati ya kichwa cha mwalimu mkuu. Kushoto nimeshamaliza, kulia sijagusa. Mashine ikafa mkononi." Kinyozi alijisahau akacheka. "Betri yao ilishakufa zamani, wanakula jua moja kwa moja, kwa hiyo jua likifichwa tu na mimi nimefichwa. Lakini siku ile wingu halikuwepo hata la kuombea dawa. Nikatoka mbio kumtafuta Waziri. Hayupo, amekwenda kuzungukia wateja wake. Mama akaniambia nisubiri kidogo, utarudi. Na kweli ukarudi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaondoka, amejifunika gazeti."

"Mama ulimkuta wapi?"

"Pale pale pa siku zote, kwenye kigoda chake kirefu, chini ya ngazi. Usiku mzee alikuwa anaifunga ngazi kwa mnyororo, ufunguo anauvaa shingoni, maana wezi wa paneli siku hizi hawalali. Mchana mlinzi ni mama."

Koleo aliitikia kwa kichwa. Usiku ngazi ilifungwa. Basi nyaya zilichunwa mchana, jua likiwaka, na mlinzi akiwa chini.

"Na binti?"

"Sikumwona." Kinyozi akashusha sauti. "Bosi, mimi usinitie humo. Wale watu wamezika mtoto juzi tu."

"Mtoto gani?"

Ndoa ya binti ilivunjika, kinyozi alisimulia, akarudi kwao na mapacha wachanga. Wote wawili vifua vibovu. Daktari akawapa mashine ya kuvutishia dawa, na mashine inataka umeme. Waziri akaipangia bei, kama alivyoipangia friji ya dukani. Taa ya mkewe ilikuwa na bei yake, na simu ya binti ilikuwa na bei yake. Wiki moja binti hakuwa na kitu. Waziri akalifunga boksi la swichi kwa kufuli, akashika njia kwenda kukusanya kwa wengine, na mtoto mmoja akabanwa.

"Tulisikia kila kitu kupitia ukuta huu, bosi. Binti alilipiga lile boksi kwa mchi. Halafu akakimbia na mtoto kuelekea barabara kuu. Hakufika naye."

"Mzee aliporudi alisema nini?"

Kinyozi aliangalia wembe aliokuwa ameushika.

"Alisema sasa mashine itafanya kazi nusu, kwa hiyo atapunguza bei."

Koleo alijifungua shuka.

"Angalau kwa hilo alikubali kupunguza," alisema. Kinyozi hakujua kama anatakiwa acheke.

*

Ua wa nyumba ulikuwa umefagiwa vizuri. Mahali alipoangukia mzee palikuwa pamesuguliwa kwa sabuni, na palikuwa peupe kuliko saruji nyingine. Mjane alikuwa kwenye kigoda chake, mkongojo kati ya magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yamefungwa vitambaa. Hakuinuka kuwapokea wageni. Alimwangalia fundi mwenye pingu kwa muda, kisha akaangalia pembeni.

"Pole kwa msiba, mama," Koleo alisema, tayari mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi.

"Nimeshapoa, baba."

"Usishike ukingo, Afande!" fundi alipaza sauti kutoka chini. "Pandia upande wa kushoto!"

Koleo alipandia kushoto. Alipofika juu aliziona. Zilikuwa nyaya mbili zilizochunwa urefu wa kiganja, mahali hasa ambapo kila anayepanda hutupa mkono kabla kichwa hakijafika. Mzee alikuwa akizishika zikiwa na ngozi kila asubuhi, mwaka mzima, bila kuangalia. Aliyezichuna aliijua tabia hiyo.

"Shaba ina rangi gani?" fundi aliuliza.

"Inang'aa."

"Basi ni ya juzi. Ikikaa siku nyingi na umande inakuwa nyeusi."

Paneli zilikuwa na vumbi, kwa sababu mwoshaji wake alikufa kabla ya kuosha. Koleo alichuchumaa. Katika vumbi lile kulikuwa na mistari ya kitu kilichoburutwa kutoka juu kwenda chini. Kwenye kona za paneli tano, penye skrubu, palikuwa pamenasa nyuzi za kijivu. Kwenye paneli ya sita zilikuwa za waridi. Aliziokota moja moja akazitia kwenye bahasha.

"Konstebo! Lete mablanketi yote ya nyumba hii."

Konstebo, mwanamke kijana aliyekuwa bado anaamini kwamba kazi yao ni kuwasaidia watu, aliingia ndani akatoka na mzigo begani. Mablanketi matano ya kijivu, na mawili madogo ya waridi ya watoto. Wakayatandaza. Yale makubwa yalifunika paneli tano bila kubakiza. Ya sita ikabaki, na mablanketi mawili ya waridi, yakiwekwa moja baada ya jingine, yakaienea barabara. Binti hakuwa na blanketi jingine la kutosha. Alikuwa ametumia la mtoto aliye hai na la yule aliyezikwa.

La mwisho lilipotua, kinyozi aliguta upande wa pili wa ukuta. Na ndani ya nyumba, mvumo mdogo ambao Koleo hakuwa ameutambua tangu aingie uani ukanyamaza.

"Afande," konstebo alisema. "Ile ni mashine ya mtoto."

"Najua ni nini."

"Tuyatoe?"

"Ule ni ushahidi. Ushahidi hautolewi mpaka nitoe amri."

Aliteremka polepole, bila haraka hata kidogo, akijua kwamba kila kipandio kinahesabiwa na mtu ndani ya nyumba ile. Hakukosea. Kabla hajafika chini binti alikuwa ameshatokea mlangoni, mtoto begani, kifuniko cha usoni cha mashine kikining'inia kwenye mpira wake. Alikuwa mwembamba na hakuwa amechana nywele. Mtoto alikuwa anapumua kwa mluzi, na kila akivuta, ngozi kati ya mbavu zake ilizama.

"Nani amezima?" binti aliuliza.

"Mimi," Koleo alisema. "Kuna mtu alipanda huku juu, mzee wenu akiwa kwenye mizunguko yake. Akafunika paneli kama tulivyofunika sasa, akachuna nyaya mbili, akatoa mablanketi, akashuka. Kesho yake asubuhi mzee akaweka mkono. Nataka jina. Nikipata jina, umeme unarudi."

"Mtoto hawezi kusubiri."

"Kwa hiyo usinicheleweshe, dada yangu."

Konstebo aligeuka akaangalia ukuta. Fundi akasema, "Afande, hiyo siyo haki." Binti alifungua mdomo.

"Ni mimi," mjane alisema kutoka kwenye kigoda.

Koleo hata hakugeuka.

"Mama, wewe kigoda kifupi tu kinakushinda kukalia."

"Nilipanda."

"Kwa magoti hayo?"

"Ndiyo niliyo nayo. Aliuza shamba la mama yangu nikanyamaza. Aliniuzia taa ndani ya chumba changu nikanyamaza. Alipomuua mjukuu wangu sikunyamaza tena. Andika hivyo, halafu ondoa mablanketi yangu."

"Maneno mazuri," Koleo alisema. "Sasa panda."

"Afande!" konstebo alisema.

"Anasema alipanda. Nataka kuona alivyopanda. Ni utaratibu wa kawaida wa upelelezi, utafundishwa."

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na haikuwahi kumwangusha. Mama humbana mtoto, mtoto humbana mama, unachagua tu uanzie wapi. Bikizee yule angefika kipandio cha tatu, angelia, na binti angepasuka. Kwa hiyo Koleo aliipa ngazi mgongo, akasimama anamtazama binti usoni.

Mjane alilaza mkongojo chini. Akashika ngazi kwa mikono miwili, akainua mguu wa kwanza kwa kuuvuta kwa mkono, kwenye kitambaa cha goti, akauweka. Kisha akajivuta. Goti lilitoa sauti ambayo wote waliisikia. Hakulia. Akauvuta mguu wa pili.

"Mama," binti alisema.

"Mkalishe mtoto wima. Usimlaze."

"Mama, shuka."

"Wima, nimekwambia! Msugue mgongo."

Binti alimsugua mtoto mgongo. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, na Koleo aliinama karibu nayo kama mtu anayesubiri maji yachemke.

"Atavunjika shingo," alimwambia kwa sauti ya chini, ya upole kabisa. "Neno moja tu, namshusha."

Binti alimwangalia mtoto. Akamwangalia mama yake, aliyekuwa amefika katikati na amekumbatia ngazi, shavu kwenye mbao, anatweta. Kitambaa cha goti la kushoto kilikuwa kimelowa. Mjane alipumzika hapo kwa muda ambao konstebo hakuusahau miaka mingi baadaye, kisha akaanza tena. Mkono, mkono. Mguu kwa kuvutwa. Mguu kwa kuvutwa. Binti akaufunga mdomo wake na kuuficha kwenye nywele za mtoto.

Hapo ndipo Koleo alipogeuka, na mjane alikuwa amefika juu. Mkono wake ulivuka ukingo wa bati bila kusita na kutua juu ya shaba.

"Ni hapa," alisema, pumzi zikimkata. "Nilichuna kwa kisu cha viazi. Urefu wa kiganja chake. Maganda ya nyaya niliyachoma jikoni. Umeona? Au nije nikuchunie na nyingine?"

Maganda yalidondoka kwenye mapaja yako ulipokuwa umekaa chini unalinda ngazi, Koleo aliwaza, na mwanao alikuwa juu. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alikuwa na njia moja iliyobaki, akaishika.

"Fundi. Mwambie konstebo aandike. Siku ya kufunga paneli hizi, nani alikushikia mablanketi? Nani ulimfundisha?"

Konstebo alitoa kalamu. Fundi alimwangalia mtoto, ambaye sasa alikuwa ameacha kulia, na kuacha kwake kulikuwa kubaya kuliko kilio. Akamwangalia bikizee aliyeng'ang'ania bati juu ya vichwa vyao.

"Ni mama huyu, Afande."

"Asubuhi uliniambia ni binti!"

"Sikumbuki kusema hivyo. Alikuwepo nani mwingine?"

Koleo alimgeukia konstebo. Konstebo alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika. Hakuwepo mahabusu asubuhi ile. Alikuwa nje ya mlango, alikoachwa asimame, ili mkubwa wake apatane bei ya sola kwa nafasi.

"Nitakuvunja na vidole vilivyobaki," Koleo alimwambia fundi.

"Vunja, Afande. Nitasema hivyo hivyo."

Konstebo hakusubiri amri. Alipita kando ya mjane kwa upande wa kushoto wa ngazi, akapanda bati, akamvuta kwanza yule mama kwa makwapa mpaka mkono wake ukawa mbali na ukingo, akamkalisha. Kisha akayang'oa mablanketi, akaanza na yale mawili ya waridi. Nyuma ya ukuta kinyozi alishangilia. Binti alikuwa ameshaingia ndani. Muda si muda ule mvumo mdogo ukaanza tena.

Kumshusha mjane kulikuwa kazi kubwa kuliko kupanda kwake. Miguu ilikataa kabisa. Ilibidi fundi afunguliwe pingu, akatoa mgongo wake kama ngazi ya pili, konstebo akimshika kwa juu, mpaka wakamfikisha kwenye kigoda. Koleo alisimama pembeni, mikono mfukoni. Simu ya mkuu wa kituo ilipoingia, alijibu maneno machache. Ndiyo. Ameungama mbele ya mashahidi na ameonyesha mahali penyewe. Ndiyo, fundi aachiwe. Mkuu alifurahi sana akasema anamnunulia bia.

Pingu zikaenda kwenye mikono ya bikizee. Zilimpwaya, konstebo akazibana mpaka jino la mwisho. Wakambeba mpaka kwenye gari wakamkalisha kiti cha nyuma, miguu imenyooka mbele yake kwa sababu haikukunjika.

Koleo alirudi peke yake mpaka mlangoni. Binti alikuwa amekaa kitandani na mtoto mapajani, kifuniko cha mashine usoni kwa mtoto, moshi mweupe wa dawa ukitoka pembeni. Ngozi kati ya mbavu haikuzama tena kama mwanzo.

"Najua ni wewe," Koleo alisema. "Na unajua kwamba najua. Kesi ya kuua kwa kukusudia, akiponea kamba ni maisha. Kule analala sakafuni, kwenye saruji. Kwa magoti yale hamalizi mwaka. Gari bado halijaondoka. Toka useme neno moja, namfungua sasa hivi, nakuapia."

Binti alisubiri mpaka moshi wa dawa ukapungua na kuisha. Alimfuta mtoto mdomo, akamkalisha wima katikati ya mito miwili, akasimama. Akafungua kabati. Alipita kando ya Koleo mlangoni kwa umbali mdogo kiasi kwamba nguo zao ziligusana, akavuka ua mpaka kwenye gari. Koleo alimfuata nyuma, akitoa ufunguo wa pingu mfukoni.

"Mama," binti alisema. "Umesahau sweta. Kule kuna baridi."

Mikono yenye pingu haikuweza kuingia kwenye mikono ya sweta. Alimtandikia mabegani, akafunga kifungo cha juu kabisa, chini ya kidevu, akakinyoosha.

"Dawa yake ya jioni," mjane alisema.

"Sitasahau."

"Na maji uyachemshe."

"Nitachemsha, mama."

Binti alirudi ndani akafunga mlango. Konstebo alikaa nyuma ya usukani, akasubiri. Koleo alibaki amesimama uani mpaka alipoitwa mara ya pili.